Gari la zamani Goma: uliza kwanza kilichoingia ndani yake

Jirani yangu wa Katindo, mtaa wa hapa Goma, mashariki mwa Kongo, alinisimamisha asubuhi moja. Boneti ya Corolla yake iko wazi, na mkononi ana themostati mpya (kilango kinachoyafungulia maji njia ya rejeta yakipata moto) ambayo bado imo kwenye karatasi yake. Alikuwa ameshabadilisha pampu ya maji na mkanda wa feni, lakini gari lilikuwa likichemka vilevile. Nikamuuliza: «Papa, kwenye rejeta unatia maji ya wapi?» Akanionyesha bidoni la njano lililokuwa ukutani. Maji ya ziwa.

Hilux yangu ni ya mwaka 1994, ina injini ya dizeli ya 3L, sentimita za ujazo 2,779. Naitengeneza mwenyewe uani, jioni na Jumapili baada ya misa. Kila nikirudi nyuma kutafuta mwanzo wa ugonjwa wake, naukuta ulitoka nje: maji, mazutu (mafuta ya dizeli) au vumbi. Chuma chenyewe cha miaka ile ni kigumu. Kwa hiyo kabla hujauliza ni kipuri gani kimekufa, uliza nini kimeingia. Swali hilo limeniokolea fedha nyingi kuliko kifaa chochote nilichowahi kununua.

Vifaa vyenyewe ni vichache: mita ya umeme, balbu ya gari yenye waya mbili, chupa ya kioo cheupe yenye mfuniko, na kipande cha mpira unaoonyesha ndani. Na mawe. Hapa kwetu mawe hayanunuliwi, ila kumbuka kuwa jiwe la lava ni zuri kuzuia tairi lisiviringike, halifai kabisa kubeba gari. Limejaa matundu ndani na hupasuka bila kutoa taarifa. Usiingie chini ya gari lililoegemezwa juu ya mawe ya lava, hata kwa dakika moja.

Injini inachemka

Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Maji ya sufuria hapa huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, wala hayafiki 100; ndiyo maana maharagwe yetu hukaa motoni muda mrefu kuliko ya watu wa pwani. Injini ya Toyota ya zamani iliyo nzima hufanya kazi kati ya nyuzi 82 na 95. Sasa ona jinsi nafasi ilivyo ndogo. Kinachotuokoa ni kifuniko cha rejeta. Kile kilichoandikwa 0.9 hushikilia shinikizo la ba 0.9 juu ya lile la hewa, na kwa shinikizo hilo maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 115. Raba yake ikikauka au springi yake ikilegea, unarudi palepale kwenye 95. Gari lenye kifuniko kibovu linaweza kuvumilia Dar es Salaam; hapa litatoa mvuke likiwa halina ugonjwa mwingine wowote. Anza na kifuniko. Ndicho kipuri cha bei ndogo kuliko vyote katika safari hii.

Na kwa sababu hiyohiyo, usikifungue injini ikiwa ya moto. Maji yaliyokuwa yametulia kwenye nyuzi 105 hugeuka mvuke papo hapo kifuniko kikilegea, na uso wako ndio uko juu yake. Subiri mpaka uweze kuukamata mpira wa juu kwa mkono bila kuuachia.

Kifuniko kikiwa kizima, angalia gari linachemka wakati gani.

Likichemka mjini, kwenye msongamano wa Birere au ukizunguka mzunguko wa Signers polepole, kisha likapoa ukishapata barabara wazi, tatizo ni hewa. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, zungusha feni kwa mkono. Kwenye gari lenye feni ya mafuta mazito katikati, kama Hilux na Land Cruiser nyingi, unapaswa kuhisi ukinzani. Feni ikizunguka kwa wepesi mara nne tano, kitovu chake kimekufa. Kwenye Corolla yenye feni ya umeme, sikiliza kama inawaka kabla sindano haijavuka nusu. Halafu tazama kati ya rejeta na grili: vumbi jeusi la hapa likichanganyika na mafuta hujenga ukuta kwenye mapezi. Lioshe kwa maji kutoka upande wa injini kuelekea nje, kwa nguvu ndogo, maana mapezi ya zamani hulala kama karatasi.

Likiwa zima mjini lakini likachemka barabara ya Rutshuru inapopanda kuelekea Kibumba, hewa ipo ila maji hayapiti. Hapo ndipo ziwa letu linapoingia. Maji ya Kivu yana chumvi nyingi za madini, hasa magnesiamu na zile za jamii ya magadi, kwa sababu chemchemi za volkano huyalisha kutoka chini. Ukiyatia kwenye injini yanayapanga madini yake ukutani, kama birika la chai linavyofanya ukoko mweupe. Kila ukijaziliza, unaongeza tabaka. Tulipofungua rejeta ya jirani yangu, mirija ya chini ilikuwa imebaki na tundu la kupitisha njiti. Themostati mpya ingefanya nini hapo?

Kupima ni rahisi. Endesha mpaka injini ipate moto, zima, kisha pitisha kiganja polepole mbele ya rejeta. Mahali palipo baridi katikati ya joto ni mirija iliyoziba. Ikiwa ni rejeta ya zamani ya shaba, fundi wa kuchomelea anaweza kufungua tanki la juu na kupitisha waya bapa ndani ya kila mrija. Kazi hiyo ikifanywa na mtu mvumilivu inafaa kuliko rejeta mpya ya plastiki isiyojulikana ilikotoka.

Baadaye tia nini? Maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya kujaziliza betri, yakichanganywa nusu kwa nusu na kulanti (dawa ya rejeta). Soma chupa vizuri kwa sababu asidi ya betri nayo huuzwa kwenye chupa zinazofanana. Wengi huniambia watatumia maji ya mvua. Kwingine ningekubali, lakini mvua yetu inapita kwenye moshi wa volkano ya Nyiragongo na huteremka na asidi yake, kisha inapita juu ya mabati yenye majivu. Ukikwama njiani, tia chochote kilicho karibu ufike nyumbani. Ila siku hiyohiyo andika kwamba maji hayo yanapaswa kutolewa.

Likichemka dakika chache tu baada ya kuliwasha baridi, na mpira wa juu ukawa mgumu kama jiwe kabla maji hayajapata joto, gesi ya injini inaingia kwenye maji. Fungua kifuniko injini ikiwa baridi kabisa, washa, tazama shingo ya rejeta. Mapovu yanayoendelea bila kukatika ni gasketi ya kulasi (kichwa cha injini) au kulasi yenyewe iliyopasuka. Vuta kijiti cha oili pia: ikiwa na rangi ya kahawa ya maziwa, maji yameshavuka. Injini za familia ya 2L zinajulikana kwa kulasi zinazopasuka zikipata moto hata mara moja, kwa hiyo usijaribu «kufika tu nyumbani». Kazi hii nyumbani naifanya nusu: nafungua mwenyewe, napeleka kulasi ikapimwe unyoofu na nyufa kwenye mashine, nafunga mwenyewe kwa mpangilio wa nati na nguvu za kukaza zilizo kwenye kitabu cha injini hiyo.

Dalili moja haisubiri: sindano inapanda, inapanda, halafu inashuka ghafla kwenye baridi. Moyo usifurahi. Maji yameisha na kihisio kimebaki hewani, hakina cha kupima. Zima gari hapohapo.

Kuhusu themostati nina ugomvi wa miaka na baadhi ya mafundi. Garaji moja niliyoipelekea gari zamani waliitoa themostati na kuitupa, wakaniambia kwamba nchi ya joto haiihitaji. Kwanza, Goma si nchi ya joto. Pili, injini nyingi za Toyota za zamani zina themostati yenye sahani ya pili chini, ambayo hufunga njia ya mkato maji yanapopata moto. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji inazunguka injini bila kupita kwenye rejeta kamwe. Gari linakuwa baridi mno mjini na la moto mno mlimani. Ipime kwa sufuria, lakini fahamu jambo moja ambalo vitabu vya viwandani havikuambii. Themostati iliyopigwa muhuri wa 82 huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na kwenye 95 inapaswa kuwa imefunguka milimita 8 au zaidi. Sufuria yetu inaishia hapohapo kwenye 95. Ukinunua ya 88, haitafunguka yote kwenye sufuria ya Goma hata ikiwa nzima, basi usiitupe. Unapoifunga, kile kitobo chenye kipini kinachocheza kikae juu, hewa ipate pa kutokea.

Asubuhi haiwaki

Tazama bomba la moshi mwenzako anapopiga stata. Moshi mweupe ukitoka, mazutu inafika lakini haiungui. Moshi usipotoka kabisa, mazutu haifiki. Tofauti hiyo inakupeleka njia mbili zisizokutana.

Moshi mweupe: hita plagi, zile plagi za umeme zinazopasha moto mitungi kabla ya kuwasha. Vua kile kipande cha chuma kinachoziunganisha zote, funga waya mmoja wa balbu kwenye chanya ya betri, na wa pili ugusishe kwenye kichwa cha kila plagi. Inayowasha balbu ni hai, isiyowasha imekufa. Kwenye injini ya mitungi minne, moja ikifa utaona mtetemo na moshi kwa dakika moja. Mbili zikifa, asubuhi za Juni utaomba watu wasukume. Zote zikiwa hai, rudisha kile chuma upime kama umeme unazifikia ufunguo ukiwashwa, kwa kuwa rilei yake (swichi inayozipelekea umeme) huzeeka kimyakimya.

Hakuna moshi: washa ufunguo bila kupiga stata, sikiliza kwenye pampu ya dizeli. Lazima usikie «tik» ya kizimio, vali ya umeme inayofungua na kukata mazutu. Usipoisikia, fuata waya wake. Ukiisikia, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya chujio. Ikiwa laini kwa muda mrefu kabla ya kukaza, mazutu ilirudi kwenye tanki usiku kwa sababu hewa inaingia mahali fulani. Weka ule mpira unaoonyesha ndani kati ya chujio na pampu, washa, utazame. Mapovu hayafichiki. Mara nyingi mkosaji ni pampu ya mkono yenyewe, au mpira mdogo wa kurudishia mazutu uliopasuka kwa uzee.

Baridi inawaka, moto haiwaki

Hii naipa nafasi yake kwa sababu inawapotosha wengi. Gari linawaka vizuri asubuhi, unafika Sake, unazima ununue viazi, ukirudi stata inazunguka bure mpaka injini ipoe. Watu hununua betri. Fanya hivi: injini ikiwa imezimwa, funika pampu ya dizeli kwa kitambaa kilicholowa maji, usiimwagie maji kwa ghafla, ngoja dakika kumi. Ikiwaka mara moja, pampu imechakaa ndani. Mazutu ya moto ni nyepesi, inavuja kwenye nafasi zilizolika badala ya kusukumwa kwenye nozeli. Kitambaa kinaizidishia uzito kidogo, ndiyo yote.

Na kwa nini imechakaa? Kwa kilichoingia. Pampu za aina hii hazina oili yake. Mazutu ndiyo inayozilainisha. Mazutu iliyochanganywa na mafuta ya taa haina utelezi huo. Isugue kati ya vidole: ile halisi inateleza na kubaki, ile iliyochanganywa inakauka haraka na harufu yake unaifahamu kutoka kwenye taa ya bibi. Kutengeneza pampu si kazi ya uani. Inahitaji meza ya kupimia, mlipe mwenye nayo.

Nguvu inaisha mlimani, ukipumzika inarudi

Njaa ya mazutu. Kwanza fungua kifuniko cha tanki: likivuta hewa kwa sauti, tundu lake la kupumulia limeziba na umemaliza kazi bila kutumia faranga. Halafu chujio. Halafu kichungi kilicho ndani ya tanki kwenye mdomo wa bomba, ambacho hakuna anayekikumbuka.

Wengi wetu tunanunua kwa vijana wa barabarani, wale tunaowaita Kadhafi, kwa sababu wako karibu na wanauza hata lita mbili. Siwalaumu. Lakini mafuta yao yamepita kwenye fati (mapipa), bidoni, faneli na mvua. Mimi huyaacha bidoni litulie usiku mzima, kisha namimina taratibu na kuacha kiasi cha vidole viwili chini. Ile ya chini naitia kwenye chupa ya kioo. Kesho yake unaona mwenyewe: maji yamekaa chini, mstari mweusi wa uchafu, kisha mazutu. Fungua pia kibonye cha chini ya chujio kila mwezi utoe maji. Magari mengine yana taa ya kuonya kwenye dashibodi. Balbu yake huwa imekufa zamani, ipime.

Moshi

Mweusi: mafuta mengi kuliko hewa. Kwenye mwinuko wetu hewa imepungua kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na baharini, kwa hiyo dizeli isiyo na tabo (kisukuma hewa) hutoa weusi kidogo ikibebeshwa mzigo, na hilo si ugonjwa. Weusi mwingi, anza na chujio la hewa. Kisha uliza kama kuna aliyezungusha skrubu ya pampu «kuongeza nguvu». Inaongeza nguvu kidogo na joto jingi, na tumeshaona kulasi inavyolipokea joto. Gari la kabureta lililopangwa kwa usawa wa bahari nalo litakuwa na plagi nyeusi zenye masizi hapa; punguza mafuta kwenye skrubu ya sailensi (injini ikiunguruma bila kukanyagwa) robo kwa robo, ukisikiliza.

Wa bluu ni oili. Moshi huo ukitoka unapoachia mafuta kwenye mteremko kisha ukakanyaga tena, tazama mihuri ya vali. Ukitoka muda wote, pistoni na ringi, na hapo vumbi ndilo la kuulizwa. Mji huu umejengwa juu ya lava: ile ya tarehe 17 Januari 2002 ilikatiza katikati, na barabara zetu za mitaani zinaisaga kila siku kuwa unga mweusi unaokata kama kioo. Vua bomba linalotoka kwenye chujio la hewa kwenda kwenye injini, pitisha kitambaa cheupe ndani. Kitambaa kikitoka na chembechembe, chujio halizibi vizuri au klipu imelegea, na kila kilomita unasaga mitungi. Usiligonge chujio la karatasi ukutani wala kulipuliza kwa kompresa kutoka nje. Unasukuma chembe ndani na kulitoboa. Likijaa, nunua jingine.

Pedali ya breki inalainika kwenye mteremko

Ikiwa ngumu mjini na laini unaposhuka kutoka Kibumba, maji tena. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. DOT 3 mpya haichemki chini ya nyuzi 205, ikishanyonya maji inaweza kuchemka kwenye 140, na mapovu hayasukumi pistoni. Badilisha yote kila miaka miwili, ukianza kutoa hewa kwenye gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Chupa iliyofunguliwa mwaka jana iache dukani au itupe.

Stata nzito, taa hafifu

Kabla ya betri, pima waya wa ethi. Ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, mwenzako apige stata. Ikizidi volti 0.5, waya au viungo vyake vimeliwa; hewa yetu yenye salfa haina huruma na shaba. Sugua, kaza, paka grisi. Betri iliyojaa na kupumzika isome 12.6 hivi, na injini ikiunguruma kati ya 13.8 na 14.5.

Kitu kinagonga mbele

Mawe ya mitaa ya Ndosho na Majengo hayaachi kitu kikiwa kimekaza. Inua gurudumu moja, weka stendi ya chuma. Shika tairi juu na chini, litikise: likicheza, ni beringi au viungo vya mhimili. Lishike kushoto na kulia: likicheza, ni tairodi, fimbo inayoligeuza gurudumu unapokata usukani. Mwenzako aweke mkono kwenye kiungo unapotikisa, atahisi mahali penyewe. Raba za springi zilizokufa zinagonga tu na zinaweza kungoja mwisho wa mwezi. Tairodi inayocheza haingoji. Siku hiyo gari halitoki uani.